Kuomba Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ukiwa Mtwara au Lindi: mwongozo kamili

Kila mwaka, kati ya Julai na Septemba, maswali ni yale yale kutoka Masasi, Newala, Ruangwa na Kilwa. Kijana ana daraja la pili, ameomba Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, jina halimo. Mwingine jina lilikuwamo, lakini hakuthibitisha na muda ukaisha. Wa tatu amechaguliwa, ila mkopo umekwama kwa sababu cheti cha kuzaliwa kinasema Hamisi na cha kidato cha nne kinasema Khamis.

Wengi wa hawa alama zao zinatosha kusoma chuo kikuu. Kinachowaangusha ni kusubiri dirisha la maombi lifunguliwe ndipo waanze kutafuta vyeti, kujua alama zao zina thamani gani na kuuliza nani ana simu nzuri. Mwongozo huu unafuata mpangilio wa kazi jinsi inavyopaswa kufanyika. Hatua mbili za kwanza hazihitaji hata matokeo ya kidato cha sita yawe yametoka.

## Vitu vya kuwa navyo mkononi

- Namba ya mtihani ya kidato cha nne na ya kidato cha sita, pamoja na mwaka. Huanza na S kwa mtahiniwa wa shule au P kwa wa kujitegemea, kisha tarakimu nne za kituo na nne za mtahiniwa.
- Cheti cha kidato cha nne. Kama shule imekishikilia kwa deni la michango, limalizeni mapema.
- Cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, wakala wa Serikali wa usajili wa vizazi na vifo.
- Cheti cha kifo kilichohakikiwa pia, kama mzazi amefariki.
- Namba ya NIDA (ya kitambulisho cha taifa) ya mdhamini wa mkopo, na yako kama umeshaipata.
- Namba ya kaya, kama nyumbani mnanufaika na TASAF, mfuko wa kusaidia kaya maskini.
- Picha ndogo ya pasipoti iliyo kwenye simu au flashi, siyo ya karatasi peke yake.
- Baruapepe yako mwenyewe na laini ya simu itakayokuwa hewani mpaka Novemba.
- Kwa waliosoma stashahada: namba ya uhakiki wa tuzo kutoka NACTVET, baraza linalosimamia elimu ya ufundi, ile inayoitwa AVN.
- Fedha: ada ya maombi ya chuo, shilingi 30,000 za maombi ya mkopo, na akiba ya bando, kuskani na kuchapa.

Neno moja kuhusu fedha. Dirisha hufunguliwa wakati korosho bado iko kwenye maua na pesa ya nyumbani inakwenda kwenye salfa, dawa ya mikorosho. Minada ya korosho huanza Oktoba, na kwa maombi haya pesa hiyo huwa imechelewa. Kwa familia nyingi za huku zao linalolipa kwa wakati ni ufuta. Ukiuzwa, mama au mjomba atenge kiasi hicho siku hiyohiyo, kabla hakijapata matumizi mengine.

## Hatua ya 1: Sawazisha majina (Mei na Juni)

Tandaza vyeti vyote mezani: kuzaliwa, darasa la saba, kidato cha nne. Soma jina herufi kwa herufi. Mohamedi na Mohamed ni watu wawili mbele ya mfumo. Bakari na Bakary vilevile.

Kusini tuna chanzo kingine cha tatizo hili ambacho ofisi za mjini hazikifikirii sana. Mtoto ana jina la utotoni kwenye kadi ya kliniki, anarudi kutoka jandoni na jina jipya, na shule inaandika hilo jipya. Miaka kumi baadaye cheti cha kuzaliwa kinatafutwa kwa kutumia kadi ile ya kliniki, na kinatoka kwa jina ambalo hata wenzake wa darasani hawalijui.

Cheti cha kuongoza ni cha kidato cha nne, kwa kuwa ndicho kinachotumika kukutambua chuoni na Bodi ya Mikopo. Kama huna kabisa cheti cha kuzaliwa, kiombe kwa jina lililo kwenye cheti cha kidato cha nne, ukiambatisha vielelezo vya shule. Kama unacho na kimetofautiana, nenda ofisi ya RITA iliyo kwa Mkuu wa Wilaya uulize taratibu za marekebisho. Tofauti ndogo mara nyingi humalizwa kwa hati ya kiapo iliyosainiwa na wakili au hakimu.

Baada ya hapo omba uhakiki kupitia mfumo wa RITA wa mtandaoni. Usiache kazi hii mpaka Agosti, kwa sababu nchi nzima hukimbilia huko wakati mmoja.

Umemaliza vizuri ikiwa vyeti vyote vinasoma jina moja, au una hati ya kiapo inayoeleza tofauti, na majibu ya uhakiki wa RITA umeyahifadhi mahali pawili.

## Hatua ya 2: Simu, baruapepe na mtu wa kukusimamia

Miaka mingi vijana wanaomaliza kidato cha sita huitwa JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) kwa mujibu wa sheria kuanzia Juni. Matokeo hutoka Julai wakiwa kambini, wengine Nachingwea hapahapa, wengine mbali kabisa. Kambini simu si ya kuchezea upendavyo. Kwa hiyo kubali mapema kwamba huenda mtu mwingine ndiye atakayebonyeza vitufe.

Mtu huyo awe dada, kaka, mjomba au mwalimu anayekujua na anayeweza kukaa na laini yako bila kuibadilisha. Muachie karatasi yenye namba zako za mtihani, baruapepe, nenosiri na orodha ya programu unazozitaka kwa mpangilio. Orodha hiyo uiandike wewe. Nimeona vijana wa PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia) wakiombewa sheria kwa sababu aliyekuwa anajaza aliona jina linavutia.

Onyo kubwa la hatua hii: usikubali mwenye steshenari atumie baruapepe yake na namba yake ya simu "ili iwe haraka". Yeye anahudumia watu wengi kwa siku. Ujumbe wa uthibitisho ukija kwenye simu yake mwezi unaofuata, wewe humo tena akilini mwake. Fungua baruapepe yako, hata kama ni kwenye kompyuta yake, na uandike nenosiri kwenye daftari lako.

Na vishoka nao. Mtu anayekuambia ana "mtu wake" TCU au Mlimani anauza hewa. Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) haina wakala wa kuuza nafasi. Tangu 2017 mwombaji wa shahada ya kwanza hutuma maombi yake moja kwa moja chuoni.

## Hatua ya 3: Hesabu alama zako kwa kipimo cha TCU

Hapa ndipo wengi wanapotea, basi twende polepole.

Una vipimo viwili na vinakwenda kinyume. NECTA, yaani Baraza la Mitihani, wanapopanga madaraja, A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, E ni 5, S ni 6 na F ni 7. Ukiwa na chache ndiyo vizuri. TCU wanapopima sifa za kuingia chuo kikuu, A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1 na S ni 0.5. Hapa ukiwa na nyingi ndiyo vizuri. Ukisema "nina pointi 12" mbele ya mwongozo wa TCU, umesema kitu kingine kabisa.

Sifa ya chini kwa waliomaliza kidato cha sita kuanzia 2016 ni prinsipo mbili zenye jumla ya pointi 4.0, kutoka masomo mawili yanayohusika na programu unayoomba. Prinsipo ni alama A hadi E. S haimo.

Chukua wanafunzi wawili wa HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza), wote daraja la tatu. Wa kwanza ana D, D na E. Kwa NECTA ni 13. Kwa TCU masomo yake mawili ya juu yanampa 2 na 2, jumla 4.0, anastahili kuomba, mradi masomo hayo ndiyo programu inayoyataka. Wa pili ana D, E na E. Kwa NECTA ni 14, pointi moja tu pembeni ya mwenzake. Kwa TCU ana 2 na 1, jumla 3.0, na hafikii sifa ya chini. Wote kijijini wanaambiwa "umepata tatu", mmoja ana njia ya moja kwa moja na mwingine hana.

Mfano mwingine: EGM, Uchumi C, Jiografia C, Hisabati S. NECTA wanampa 12, daraja la pili, nyumbani wanachinja kuku. Lakini akiomba programu inayodai prinsipo ya Hisabati, S yake haimfikishi popote. Daraja lake ni zuri na bado mlango huo umefungwa. Afungue programu zinazotumia Uchumi na Jiografia.

Kuna pia masharti ya kidato cha nne. Baadhi ya programu hutaka alama fulani ya Hisabati au Kiingereza ya kidato cha nne kwa ambaye hakulisoma somo hilo kidato cha tano na sita. Mistari hiyo imeandikwa mwishoni mwa sifa za programu, na ndiyo isiyosomwa.

Kwa wa stashahada, kipimo cha jumla ni ufaulu wa masomo manne kidato cha nne, D au zaidi, na wastani wa GPA usiopungua 3.0, na programu nyingine huongeza masharti yake. TCU hutoa vitabu viwili vya mwongozo kila mwaka, kimoja cha kidato cha sita na kingine cha stashahada. Hakikisha umeshika chako, na ni cha mwaka huu.

Umemaliza vizuri ikiwa una karatasi yenye masomo yako matatu, pointi za TCU kando ya kila moja, na programu angalau nane ambazo sifa zake umezisoma mpaka mstari wa mwisho na unazikidhi.

## Hatua ya 4: Panga machaguo kama mtu anayejua kuna ushindani

Sifa ya chini inakupa ruhusa ya kuomba. Haikupi nafasi. Programu yenye waombaji wengi kuliko viti huchukua wenye alama za juu kwanza, na Mlimani programu za namna hiyo ni nyingi: sheria, uhandisi, biashara na uhasibu, kompyuta.

Kitabu cha mwongozo cha TCU kina safu inayoonyesha kila programu ina uwezo wa kuchukua wanafunzi wangapi. Watu huiruka. Mimi naanzia hapo. Programu ya viti vichache inayojulikana nchi nzima, ukiiomba na pointi 5.0, unacheza bahati nasibu. Programu yenye viti vingi katika fani ileile, au ya ualimu katika masomo yako, inakupa nafasi halisi.

Kwa hiyo machaguo yako yashuke kama ngazi. Juu weka unayoitaka kwa moyo wote. Katikati weka zile ambazo alama zako ziko juu ya kiwango cha chini kwa tofauti ya kueleweka. Mwisho weka moja ambayo una uhakika nayo na ambayo ungekubali kuisoma miaka mitatu au minne bila kununa. Kujaza nafasi zote kwa programu za majina makubwa ni kosa ninaloliona kuliko yote, na mara nyingi wazazi ndio wanaolisukuma.

Usiombe Mlimani peke yake. Sheria inakuruhusu kuomba vyuo zaidi ya kimoja. Kuna Dodoma, Sokoine kwa wa kilimo na sayansi zake, Mzumbe, Ardhi, na Muhimbili kwa wa afya. Kwa anayetaka ualimu, angalia pia DUCE iliyopo Chang'ombe na MUCE iliyopo Iringa. Vyote viwili ni vyuo vikuu vishiriki vya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kwenye kitabu cha TCU vimeorodheshwa peke yao.

## Hatua ya 5: Jaza, lipa, tuma

Fungua mfumo wa udahili kupitia tovuti ya chuo yenyewe, ile inayoishia na udsm.ac.tz. Kiungo ulichotumiwa kwenye kundi la WhatsApp ukiache.

1. Tengeneza akaunti kwa namba ya kidato cha nne, baruapepe na simu yako. Kama ulirudia mtihani na una namba zaidi ya moja, chagua ya kuanzia na ukae nayo. Namba hiyohiyo ndiyo utakayoitumia kwenye mkopo. Ukichanganya, Bodi ya Mikopo haitakuona kama mtu aliyedahiliwa.

2. Mfumo utakutolea namba ya kumbukumbu ya malipo, ile tunayoiita kontro namba, yenye tarakimu 12. Lipa kwa simu kupitia menyu ya malipo ya Serikali au kwa wakala wa benki. Jina litakalotokea kabla hujaweka namba ya siri liwe la chuo. Likiwa la mtu binafsi, simama hapo.

3. Rudi kwenye akaunti. Matokeo yako huvutwa kutoka NECTA kwa namba za mtihani, kwa hiyo yakague. Ukiona masomo ya mtu mwingine, umekosea tarakimu au mwaka.

4. Chagua programu kwa mpangilio wa karatasi yako ya Hatua ya 4, kisha thibitisha na utume.

Kulipa siyo kutuma. Kila mwaka kuna watu walioishia namba 2 wakaamini kazi imekwisha, kwa sababu simu ilileta ujumbe wa muamala kukamilika.

Usifanye haya siku ya mwisho. Mfumo huzidiwa, na ukiwa Liwale au Nanyumbu ambako mtandao wenyewe una siku zake, unaweza kukesha. Wiki ya kwanza ya dirisha, alfajiri, kazi yote huisha kabla chai haijapoa.

Umemaliza vizuri ikiwa ukurasa wa akaunti yako unaonyesha maombi yametumwa na orodha ya machaguo ni ile uliyoiandika. Piga picha ya skrini na uitume kwenye baruapepe yako.

## Hatua ya 6: Mkopo, sambamba na udahili

HESLB, yaani Bodi ya Mikopo, ina dirisha lake na mfumo wake. Haisubiri majina ya vyuo yatoke, nawe usisubiri. Jaza, lipia 30,000, chapa fomu, ipeleke kwa mwenyekiti wa mtaa au kijiji isainiwe na kugongwa muhuri, kisha kwa wakili au hakimu. Mdhamini naye asaini. Skani kurasa zilizosainiwa na uzipandishe.

Kurasa zilizoskaniwa ndiko maombi mengi yanakokwama: saini imekatwa, muhuri haufifii tu bali hausomeki kabisa, ukurasa umegeuzwa. Picha iliyopigwa kwa simu chini ya mwembe na kivuli juu yake siyo skani. Lipa pesa ya steshenari.

Yatima, wenye ulemavu na kaya za TASAF waambatishe ushahidi wao hapo hapo. Hali usiyoithibitisha kwa karatasi haihesabiwi, hata kama kijiji kizima kinaijua.

## Hatua ya 7: Majina yakitoka

Ingia kwenye akaunti yako ya kila chuo ulichoomba. Orodha zinazozunguka kwenye makundi huwa nusunusu.

Ukichaguliwa chuo kimoja, soma maelekezo kwenye akaunti na uendelee. Ukichaguliwa zaidi ya kimoja, lazima uthibitishe kimoja. TCU hutuma namba maalumu ya siri kwa ujumbe wa simu. Unaiingiza kwenye akaunti ya chuo unachokitaka, ndani ya muda uliotangazwa. Muda huo ni siku chache. Ndiyo maana nilisisitiza laini iwe hewani na iwe kwa mtu anayekujua. Ujumbe usipofika, iombe tena kupitia akaunti ya chuo, na kama bado haiji piga simu ofisi ya udahili siku hiyohiyo.

Ukikosa, usilie wiki nzima. Dirisha la pili hufunguliwa baada ya hapo, na programu zenye nafasi zilizobaki hutangazwa. Usirudie machaguo yaleyale yaliyokukataa, shuka ngazi uliyoipanga.

Kwa yule wa D, E na E, njia ipo: stashahada katika fani unayoitaka, au programu ya msingi ya Chuo Kikuu Huria, ambacho kina vituo Mtwara na Lindi. Ni mzunguko wa mwaka au zaidi, lakini unafika Mlimani kwa mlango halali.

## Hatua ya 8: Kabla ya kupanda basi

Pakua barua ya udahili na maelekezo ya kujiunga mara tu yanapopatikana, kisha kajaze fomu ya afya hospitali ya wilaya au ya mkoa. Beba vyeti halisi na nakala zake. Bima ya afya ya mwanafunzi ulipie kama maelekezo yanavyosema. Kwa miaka mingi imekuwa shilingi 50,400 kwa mwaka.

Zungumzeni nyumbani kuhusu wiki za kwanza. Chuo hufunguliwa karibu na wakati minada ya korosho inapoanza, na malipo ya mkulima hayaji siku ya mnada. Mkopo nao huingia baada ya kusajiliwa na kusaini, siyo siku unapowasili. Kati hapo kuna chakula, nauli za daladala na pengine kitanda cha kupanga kama bweni limejaa. Kama mjomba ameahidi kulipa "korosho zikitoka", mwombeni sehemu ya fedha hiyo itoke kwenye ufuta au mbaazi, na iliyobaki itumwe Novemba.